Kasri, Shule na Deni: Maisha ya Lord Egerton wa Njoro

Somo: Luka 19:1–10, Marko 12:41–44, Yakobo 5:1–6



Hii ni wiki ya tatu tukiwa katika mafundisho ya utoaji, na kama mlivyosikia kwenye matangazo, Jumapili ya mwisho wa mwezi tutaleta ahadi zetu za jengo. Tulishamwangalia Barnaba aliyeuza shamba, tukawaangalia Anania na Safira waliouza la kwao. Leo naomba tumwangalie mtu mwingine mwenye shamba. Huyu hayumo katika Biblia, lakini hapa Nakuru jina lake linatajwa kila siku. Makanga wanaliita kule stage ya Njoro. Watoto wetu wanalijaza kwenye fomu za kuomba chuo. Mabibi harusi wetu wanaenda kupigwa picha kwenye nyumba yake. Jina ni Egerton.

Niseme mapema kwamba mimi si mgeni katika habari hii. Shahada yangu ya biashara niliisomea katika Chuo Kikuu cha Egerton. Nimekula kwa meza ya mtu huyu, na najua wengi mnaosoma hapa ama mmesoma kule, ama mnalipia mtoto karo kule. Kwa hiyo tukiuliza kama zawadi yake ilikuwa ya kweli, tunauliza kuhusu kitu ambacho tayari kiko tumboni mwetu.

Na swali lenyewe tunalijua. Kila tajiri akitoa pesa nyingi kwenye harambee, watu hugawanyika hata kabla ya sala ya kufunga. Wengine wanasema Mungu amzidishie. Wengine wananong'ona kwamba anajisafisha tu. Hebu tumfuate mtu mmoja maisha yake yote, tangu kuzaliwa mpaka kaburini, tuone Neno linatufundisha nini juu ya hizo pande mbili.

KIJANA WA TATTON

Maurice Egerton alizaliwa Uingereza mwaka 1874, katika ukoo wa matajiri wakubwa. Nyumbani kwao kulikuwa Tatton Park, karibu na mji mdogo wa Knutsford, huko Cheshire. Ni jumba kubwa lenye bustani na uwanja mpana wa swara. Mtoto wa namna hiyo haulizwi atafanya kazi gani akiwa mkubwa. Utajiri ulikuwepo kabla yake, yeye kazi yake ilikuwa kuupokea.

Lakini Maurice hakuwa mtu wa kukaa tu. Alipenda mashine. Magari yalipoanza kuonekana Uingereza, alikuwa kati ya watu wa kwanza kulimiliki. Ndege zilipoanza kuruka, alifahamiana na akina Wright, wale ndugu wawili Wamarekani waliotengeneza ndege ya kwanza, na mwaka 1910 akapata cheti cha urubani nambari 11 nchini Uingereza. Fikiria hilo: nchi nzima, mtu wa kumi na moja. Pia alipenda kuwinda. Alisafiri nchi nyingi akikusanya vichwa vya wanyama na vitu vya kigeni, mpaka mwaka 1935 akajenga ukumbi maalum kule Tatton wa kuvitundika.

Mwaka 1920 baba yake alifariki, naye akawa Lord Egerton wa nne, mwenye cheo na mali yote. Alikuwa na umri wa miaka 46, hana mke. Wala hakuja kuoa maisha yake yote.

Tumtendee haki pia. Huyu hakuwa tajiri mchoyo. Kule Uingereza alisaidia vilabu vya vijana wa kiume, wale wavulana wa mjini wasio na pa kwenda jioni, akataka wajifunze ufundi na michezo. Hakuwa mtu wa kutafuta vipaza sauti. Waliomfahamu walimjua kama mtu mkimya, mwenye haya, anayependa kukaa peke yake. Kwa hiyo ile lawama ya kwanza tunayowapa matajiri, kwamba wanatoa ili waonekane, kwa huyu haishiki vizuri. Itabidi tutafute zaidi.

SHAMBA LA NJORO

Katika miaka ile Wazungu wengi wenye vyeo walikuwa wakija Kenya. Lord Delamere alikuwa ametangulia Njoro tangu mwanzo wa karne, na habari za udongo wa Bonde la Ufa zilikuwa zimefika mbali. Egerton naye akaja, akapata shamba kubwa upande wa Njoro na Ngata, akawa anaishi kati ya nchi mbili. Kadiri alivyozeeka, ndivyo Njoro ilivyozidi kuwa nyumbani kwake.

Hapa lazima tusimame kidogo, maana ardhi haianguki kutoka mbinguni kama mana. Mwaka 1904 serikali ya wakoloni ilifanya mkataba na viongozi wa Wamaasai, wakaondolewa Bonde la Ufa, wengine wakapelekwa Laikipia na wengine kusini. Waliahidiwa kwamba mpango huo ungedumu maadamu Wamaasai wapo duniani. Ulidumu miaka saba. Mwaka 1911 wakatolewa Laikipia pia. Wakaenda mahakamani mwaka 1913, kesi ikatupwa.

Ardhi ikishakuwa wazi, ikapewa walowezi, na walowezi wakahitaji mikono ya kuilima. Hapo ndipo wengi wa mababu zetu wanaingia katika habari hii, kama maskwota. Sheria ya 1918 ilimtaka skwota afanye kazi kwa mwenye shamba siku zisizopungua 180 kila mwaka ili aruhusiwe kuishi pale na kulima kipande chake kidogo. Mwanaume akitoka nje ilibidi abebe kipande, mara nyingi kikiwa ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inia shingoni. Nyanya yangu mzaa baba alizaliwa katika shamba la namna hiyo. Sisemi lilikuwa la nani, na halikuwa la Egerton. Nasema tu kwamba nyumba nyingi hapa Free Area, ukiuliza wazee, hadithi ni moja.

KASRI

Mwaka 1938 Egerton alianza kujenga kasri, lile mnaloliona leo kule Ngata. Mkitembelea pale mtaambiwa hadithi ya mapenzi. Inasimuliwa kwamba alimpenda mwanamke wa ukoo wa kifalme kutoka Ulaya. Alipomleta aone nyumba ya kwanza, bibi huyo akaidharau. Ndipo Lord akaamua kujenga nyumba ambayo hakuna mwanamke angeweza kuidharau, na hata hiyo bibi akaikataa. Inasimuliwa pia kwamba tangu hapo hakutaka kumwona mwanamke yeyote karibu na boma lake. Waongozaji wa pale wanajua kuisimulia vizuri, kila mmoja akiongeza chumvi yake.

Hadithi ni ya wasimulizi, lakini mawe yapo na tunaweza kuyahesabu. Ni kasri la vyumba zaidi ya hamsini. Lina ukumbi mkubwa wa muziki na dansi wenye kinanda cha mabomba, kile cha makanisa makubwa ya Ulaya. Vifaa vingi vililetwa kwa meli kutoka ng'ambo. Vita vya Pili vya Dunia vikakatiza kazi, kisha ikaendelea, mpaka ikamalizika mwaka 1954. Jumla miaka 16.

Mwenye nyumba alikuwa anagonga miaka 80. Akaishi humo miaka minne hivi, peke yake na watumishi wake, kisha tarehe 30 Januari 1958 akaaga dunia.

Sisi tuliosoma biashara tunafundishwa kugawanya gharama kwa muda wa matumizi. Miaka 16 ya kujenga, miaka 4 ya kuishi. Zaidi ya vyumba hamsini, mtu mmoja. Ukumbi wa dansi, hakuna wa kucheza naye. Luka 12 inatuonyesha mtu aliyevunja maghala yake ili ajenge makubwa zaidi, na usiku ule ule roho yake ikatakiwa. Huyu wetu alipewa muda zaidi kidogo.

SHULE

Sasa tufike kwenye zawadi. Mwaka 1939, mwaka mmoja tu baada ya kasri kuanza, Egerton alitoa ekari 740 kule Njoro ili ijengwe shule ya kilimo. Ikaitwa Egerton Farm School. Ekari 740 si mchezo. Hapa kwetu watu wanafikishana mahakamani kwa ploti ya hamsini kwa mia.

Shule ilikuwa ya nani? Ilikuwa ya vijana wa Kizungu, wafundishwe kuwa wakulima katika nchi hii. Hilo halikufichwa, ndilo lilikuwa kusudi lenyewe. Na mwaka ule ule, 1939, Uingereza ilitoa amri ya kisheria ya kuweka mipaka ya ile iliyoitwa Nyanda za Juu za Wazungu, ambako Mwafrika hangeweza kumiliki shamba. Kwa hiyo mtoto wa skwota aliyekuwa akipalilia pareto nje ya ua wa shule alizuiwa mara mbili: hangeweza kuwa mwanafunzi ndani, na hangeweza kuwa na shamba nje.

Kufikia mwaka 1955 shule ilikuwa imekuwa chuo cha kilimo, ikitoa stashahada ya miaka miwili. Mwaka 1958, mwaka aliofariki, ardhi nyingine ya ekari 1,100 ikaongezwa kutoka kwake. Hesabu hiyo inatuonyesha jambo: alipotoa zile 740 za kwanza, bado alikuwa na nyingi. Alitoa kama wale matajiri waliotazamwa na Yesu pale kwenye sanduku la hazina, waliotoa kutoka katika wingi. Yesu hakusema pesa zao ni bandia. Alisema tu kwamba yule mjane mwenye sarafu mbili aliwapita wote, kwa sababu Yeye hupima kwa kile kinachobaki mfukoni baada ya kutoa.

Na kwa kuwa hakuwa na mtoto, cheo chake kilikufa naye. Jumba la Tatton aliliacha katika wosia wake kwa shirika la kuhifadhi majumba ya kale ya Uingereza. Leo watu wanalipa kiingilio kuingia nyumba yake kule, na wanalipa kiingilio kuingia nyumba yake hapa. Mhubiri 2 inazungumza juu ya mtu anayetaabika kisha akamwachia mwingine asiyejua ni nani. Hapa imetimia katika mabara mawili.

UA ULIPOANGUKA

Ndugu zangu, sasa sikilizeni alichofanya Mungu.

Haukupita muda mrefu baada ya mwaka 1958, chuo kikafungua mlango kwa wanafunzi wa rangi zote. Uhuru ulipokuja, wataalamu wa kilimo Waafrika walikuwa tayari wanatoka Njoro. Mwaka 1986 kikawa chini ya Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 1987 Bunge likapitisha sheria ya kukifanya chuo kikuu kamili. Kasri lenyewe liko chini ya chuo hicho. Na ile nyumba ambayo, kwa hadithi, mwanamke hakuruhusiwa kuikaribia, leo kila Jumamosi utakuta mabibi harusi kwenye nyasi zake, na mama zao wakipiga vigelegele mbele ya mlango.

Mimi niliingia kwa mlango huo. Mjukuu wa binti wa skwota alikaa darasani katika chuo kilichoanzishwa ili mtu kama yeye asikae. Mpaji hakunikusudia. Mungu alinikusudia. Koreshi, mfalme wa Uajemi, aliwaruhusu Wayahudi warudi kujenga hekalu, na Isaya 45 inasema wazi kwamba Koreshi mwenyewe hakumjua Bwana aliyekuwa akimtumia. Matunda ya zawadi yako mikononi mwa Mungu, na anaweza kuyafikisha mbali kuliko nia ya aliyetoa.

Kwa hiyo wale wanaosema Mungu amzidishie wana sababu. Chakula kilichotoka kwa mkono wowote kinashibisha. Dawa iliyonunuliwa na mtu mwenye kiburi inaponya vilevile. Usikatae kumshukuru Mungu kwa shule kwa sababu huipendi roho ya aliyeijenga.

Lakini hapa wengi tunateleza. Tukiona matunda ni mazuri, tunafunga hesabu ya aliyetoa na kuandika kwamba imelipwa. Hizo ni hesabu mbili. Koreshi alitumiwa, lakini hilo peke yake halikumfanya mwenye haki. Mungu kubadilisha zawadi iwe baraka ni kazi ya Mungu. Moyo wa mtoaji utaulizwa kivyake.

JE, NI ZAMANI TU?

Kuna atakayesema kwamba namhukumu mtu wa zamani kwa macho ya leo. Ati wakati ule kila mtu alifikiri hivyo. Ni kweli zawadi nyingi za wakati ule zilikuwa na ua. Ile maktaba kubwa ya McMillan pale Nairobi, yenye sanamu za simba mlangoni, ilifunguliwa mwaka 1931 kwa kumbukumbu ya tajiri Sir Northrup McMillan, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo.

Lakini si kila mtu alifikiri hivyo. Zaidi ya miaka arobaini kabla ya shule ya Njoro, huko Bagamoyo, pwani ya Tanganyika, kulikuwa na mfanyabiashara Mhindi, Sewa Haji Paroo. Alitajirika kwa kuandaa misafara ya kwenda bara, kuuza bidhaa na kutafuta wapagazi, na biashara ile nayo ilikuwa na jasho la watu ndani yake. Hakuwa Mkristo. Lakini alipotoa jengo la shule kwa serikali ya Wajerumani, alitaka lipokee watoto wa rangi zote. Pia alitoa mali kwa ajili ya hospitali. Alifariki mwaka 1897, na katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, bado kuna jengo la wodi lenye jina lake. Kwa hiyo mlango wazi uliwezekana. Enzi inaweza kueleza kwa nini mtu alijenga ua, lakini haiwezi kusema hakuwa na uchaguzi.

SAFU MBILI ZA ZAKAYO

Sasa turudi kwenye Luka 19, maana jibu letu liko pale juu ya mkuyu.

Zakayo alikuwa tajiri, na utajiri wake ulikuwa na shida. Yesu alipoingia nyumbani kwake, Zakayo alisimama akatamka mambo mawili, na ukisoma haraka utadhani ni moja. La kwanza, nusu ya mali yake aliwapa maskini. La pili, kila aliyemdhulumu angemrudishia mara nne.

Kama wewe ni mtu wa vitabu vya hesabu, utapenda Zakayo. Alikuwa na safu mbili. Safu moja ni zawadi, safu nyingine ni deni. Hakuchukua pesa za deni akazihesabu kama zawadi. Hakusema kwamba kwa kuwa anawapa maskini nusu, basi wale aliowanyang'anya wamsamehe. Maskini walipata chao, na waliodhulumiwa walipata chao. Ndipo Yesu akatangaza kwamba wokovu umefika katika nyumba ile.

Katika uhasibu, ukilipa deni huruhusiwi kuliandika kama mchango. Mkaguzi wa hesabu akilikuta, atalikata kwa kalamu nyekundu. Na sisi tuna Mkaguzi mkuu kuliko wa serikali.

Tukiweka maisha ya Lord Egerton kwenye safu hizo mbili, safu ya zawadi ina kitu, tena kikubwa: ekari 740, kisha 1,100. Hatutafuta hata moja. Safu ya deni ndiyo inayotia huzuni. Ardhi ile ilikuwa na watu kabla yake, na ilikuwa na watu walioilima kwa siku 180 za lazima. Zawadi ilipotolewa, ilivuka juu ya vichwa vya wote hao ikawaendea watoto wa walowezi. Na wakati wa uhuru ulipokaribia, mashamba mengi ya walowezi katika nchi hii yalinunuliwa kwa mikopo, na Wakenya ndio walioibeba. Wazee wetu wakachanga senti zao katika makampuni ya kununua mashamba, wakanunua kwa pesa udongo ambao jasho lao lilikuwa limeunyesha.

Kwa hiyo wale wanaonong'ona nao wana sababu. Hawana haja ya kujua siri za moyo wa mtu, hiyo ni ya Mungu. Lakini wana ruhusa ya kuuliza jambo moja linaloonekana: kabla ya zawadi hii, deni lililipwa? Zawadi ya kweli huja baada ya deni, au huja pamoja nalo kama kwa Zakayo. Zawadi inayotumika kulifunika deni, hata ikiwa ekari elfu moja, bado ni kifuniko.

SISI TUSIO NA KASRI

Ni rahisi kumaliza hapa, tukitikisa vichwa juu ya mzungu wa zamani. Lakini gazeti hili halisomwi na akina Lord. Linasomwa na wenye duka, wenye matatu moja, walimu, mafundi, wenye ploti za kupangisha, akina mama wa mboga kule soko mjinga. Ninyi ndio nawaandikia.

Kuna mtu kanisani ataahidi elfu hamsini kwa ajili ya mabati, na msichana wake wa kazi hajalipwa miezi miwili. Yakobo 5 inasema mshahara uliozuiwa unalia, na kilio hicho kimefika masikioni mwa Bwana wa majeshi. Basi siku hiyo kutakuwa na sauti mbili kanisani: ya mtu anayeahidi mbele ya madhabahu, na ya mshahara unaolia jikoni kwake. Mnafikiri Mungu atasikia ipi kwanza?

Kuna mwingine aliyesogeza beacon ya ploti usiku. Kuna aliyebaki na shamba lote la baba na dada zake hawakupewa kitu, kisha kila mavuno analeta gunia kanisani tunampigia makofi. Kuna mwenye deni la miaka miwili kwa kiosk ya jirani ambaye ni mjane, lakini fungu la kumi halimpiti. Hawa si watu wabaya. Wengi wanampenda Mungu kwa dhati. Ila wamechanganya safu.

Mathayo 5:23–24 inatuambia la kufanya. Ukiwa madhabahuni na ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, acha sadaka pale pale, nenda mkapatane kwanza, ndipo urudi. Angalia utaratibu huo. Yesu anasema madhabahu inaweza kungoja. Aliyedhulumiwa ndiye asiyefaa kungojeshwa.

Kwa hiyo nasema jambo ambalo si kawaida kulisoma wiki chache kabla ya Jumapili ya ahadi, na nimelizungumza na mchungaji kiongozi tukakubaliana liandikwe wazi. Kama una mshahara wa mtu mkononi mwako, usituletee. Mlipe. Kama una mpaka wa jirani ndani ya ua wako, urudishe kwanza. Ikibaki mia mbili, leta hiyo mia mbili, nasi tutaipokea kwa heshima kuliko laki moja yenye kilio ndani. Najua hesabu ya jengo, maana mimi ndiye ninayeishika. Ahadi zinaweza kupungua. Mabati yanaweza kuchelewa mpaka mwaka ujao, na mvua ya Aprili inaweza kutukuta tena chini ya hema. Hata hivyo, ni afadhali hema la watu waliolipa madeni yao.

Na kama Mungu amekupa zaidi ya majirani zako, una duka la pili au nyumba ya kupangisha, nakuomba ujiulize maswali matatu kabla ya kutoa. Je, kuna ninayemdai Mungu anibariki huku yeye ananidai mimi? Je, zawadi yangu ina ua, au hata mtoto wa mtu anayenifulia nguo anaweza kuingia? Na baada ya kutoa, nimebaki na nini? Lord Egerton aliacha kasri, chuo na jina. Wewe utaacha kitu kidogo zaidi, lakini maswali ni yale yale, na wewe bado uko hai wa kuyajibu. Yeye muda wake wa kujibu uliisha Januari 1958.

SALA

Baba, tunakushukuru kwa kila meza tuliyokula ambayo haikuandaliwa kwa ajili yetu, maana wewe ndiwe uliyetuvuta kiti. Tufundishe kutenganisha deni na zawadi. Tukumbushe jina la kila mtu tunayemdai kimya, na utupe ujasiri wa kumpigia simu wiki hii. Utuepushe na kujenga majumba ya kukaa peke yetu. Jengo la nyumba yako lisimame kwa pesa zisizolia. Katika jina la Yesu, Amina.

MASWALI YA USHIRIKA WA NYUMBANI

1. Soma Luka 19:8. Kuna tofauti gani kati ya alichowapa maskini na alichowarudishia aliowadhulumu?
2. Je, kanisa linaweza kupokea zawadi kutoka kwa mtu ambaye deni lake linajulikana na watu wote? Jadilini bila kutaja majina.
3. Katika familia yako, nani alifaidika na zawadi ambayo hakukusudiwa? Mshukuruni Mungu kwa hilo.
4. Kila mmoja aandike peke yake deni moja, si lazima liwe la pesa, ambalo atalilipa kabla ya Jumapili ya ahadi.